Kunde za njano kwenye mbuga: chimba uone mizizi kwanza

Ndugu yangu wa Magu, umesema kunde zako za bondeni zimekuwa njano kuanzia majani ya chini, na duka la pembejeo wanakusukuma ununue urea, mbolea ya naitrojeni. Subiri kidogo.

Chimba mche mmoja kwa jembe, usiung'oe kwa mkono maana vinundu, yaani vivimbe vidogo vya mizizini wanamoishi bakteria, vitabaki ardhini. Suuza taratibu, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kukiwa na wekundu, bakteria wanageuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Kikiwa cheupe, bado hakijaanza au hakifai. Kijani au kahawia, kimekufa.

Kwa udongo mweusi wa mbuga zetu, mimi nashuku maji kwanza. Mvua ikituama, mizizi inakosa hewa na vinundu vinazimika hata kama bakteria wamejaa tele. Fungua mifereji sasa hivi; msimu ujao panda juu ya matuta. Urea nyingi itakijanisha majani, lakini mmea ukipata naitrojeni iliyo tayari hupunguza kutengeneza vinundu. Hapo umelipia kitu ambacho kunde hujipatia zenyewe!

Angalia pia usichanganye: kinundu hubanduka kirahisi pembeni mwa mzizi. Ukiona mzizi wenyewe umevimba na uvimbe haubanduki, hiyo ni minyoo fundo, vijidudu vidogo sana vinavyoshambulia mizizi, na mifereji haitakusaidia. Mpelekee afisa ugani mche mzima na udongo wake, au fika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Misungwi, wapime na uchachu wa udongo.