Ufito wa Kwanza wa Kuvulia Trauti

SWALI: Mhariri, ninaishi Kasarani na ninatamani kuvua trauti, wale samaki wa maji baridi, kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu, katika mito ya Aberdare. Nianze kununua nini?

JIBU: Ndugu msomaji, katika uvuvi huu kinachorushwa ni uzito wa mshipi wenyewe, wala si wa chambo, na kwa hiyo namba ya mshipi, inayoonyesha uzito wake, sharti ilingane na ile iliyoandikwa kwenye ufito, juu kidogo ya mpini, kwako namba 4 inatosha. Wengi huanza na ufito wa futi 9, lakini vijito vya milimani hufunikwa na vichaka, nami ningechagua futi 7 na nusu. Usitumie fedha nyingi kwenye rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, bali kwenye mshipi mzuri unaoelea. Jizoeze kwanza kwenye nyasi, ukifunga kijiuzi chekundu cha sufu mahali pa ndoana, na ukate leseni kabla ya safari.