Mnaoniuliza kama sanaa inalipa huku nje

Mdogo wangu mmoja kaniuliza na wengine mkamuunga mkono: unachora, unatengeneza filamu, umepita Uholanzi, Ufaransa, sasa uko Ujerumani, je msanii huko anakula, na sisi tuje? Nawajibu bila kuficha.

Hela ipo, ila kuhamahama kunaiua filamu. Kuchora unachora popote, upate chumba chenye mwanga na dirisha la kutoa harufu ya tapentaini basi, hakuna anayekuuliza lugha. Filamu ni watu. Unataka mshika kamera anayekuelewa ukimtazama tu, mtu wa sauti, prodyuza anayepokea simu yako usiku, na ukivuka mpaka hao wote unawaacha unaanza kutafuta wengine kwa lugha ambayo hata kubishana bei huwezi. Nilipotoka Uholanzi kwenda Ufaransa picha nilikuja nazo, filamu niliyokuwa nayo mkononi ikalala miaka, na hilo linaniuma mpaka leo.

Picha nazo kusafirisha ni kazi. Turubai, kile kitambaa ulichochorea, unaitoa kwenye fremu yake unaiviringisha kwenye bomba nene, rangi ikiwa upande wa NJE, sio ndani kama wengi wanavyodhani, ikikaa ndani inabanwa inajikunja inapasuka. Alafu rangi ya mafuta haikauki kama maji, inashikana na hewa taratibu, ukigusa juu kavu kumbe chini bado mbichi, ndo maana vanishi ya mwisho, ile ya kupaka juu kulinda picha, watu husubiri miezi 6 mpaka 12, sasa kama unahama kila mara hiyo miezi unaitoa wapi? Na galeri ikikuuzia, mara nyingi nusu ya bei ni yao.

Vibali ndo usiseme. Kibali cha kuishi Ujerumani kinakuruhusu kutembelea nchi zingine za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, siku 90 ndani ya kila siku 180, KUTEMBELEA jamani, sio kwenda kushuti kwa malipo.

Kizuri nacho nikiseme. Ujerumani kuna Künstlersozialkasse, bima ya wasanii wanaojitegemea, ipo tangu 1983. Wewe unalipa nusu ya mchango wa afya na pensheni, nusu ya pili inatoka serikalini na kwa kampuni zinazotumia kazi za wasanii. Sharti uthibitishe sanaa ndo kazi yako na kwa kawaida uingize zaidi ya euro 3,900 kwa mwaka. Nikiwaza wasanii wetu wakubwa wanavyougua mpaka tupitishe mchango, roho inaniuma sana, hii ingekuwepo kila nchi.

Kwa hiyo mchoraji, ukipata nafasi ya kuja kukaa ufanye kazi miezi kadhaa, njoo, utajifunza mengi. Wewe wa filamu mimi nasema usianze na kuhama. Timu yako iko huko, hadithi yako iko huko, na hela ya huku inaweza kukufuata ulipo: World Cinema Fund, mfuko wa tamasha la filamu la Berlin, ulianzishwa 2004 kwa ajili ya filamu za mabara kama Afrika, mnachohitaji ni prodyuza mshirika wa Ujerumani. Malizeni skripti kwanza, aliyemaliza anitumie niisome na nitamwambia ukweli, kisha tuangalie prodyuza gani wa huku tumpelekee.