Mume wangu amekuwa mvivu au ndo ugonjwa?

SWALI: Shikamoo dokta. Mume wangu ana miaka 44, fundi cherehani, hospitali walimpima damu wakasema ana Huntington, ule ugonjwa wa kurithi wa mwili kuchezacheza wenyewe. Baba yake alikuwa nao, kijijini wakasema karogwa. Kuchezacheza nishazoea, kinachonimaliza ni akili. Anashinda kwenye kochi mpaka nimwambie kaoge, gauni la mteja anakata kabla hajaangalia vipimo, ukimkosoa anafoka, ukimwambia mikono yako inacheza anasema namzushia. Mawifi wanasema mvivu tu na mimi namdekeza. Je ndo anakuwa kichaa? Na Junior wa miaka 9 nimpime?
Mama Junior, Morogoro

JIBU: Marahaba Mama Junior, pole sana. Sio kichaa, na mawifi waambie sio uvivu pia. Huu ugonjwa wengi wanaujua kwa kuchezacheza, ila sehemu ya ubongo inayoliwa ndo hiyohiyo inayomsukuma mtu aanze jambo, apange kipi kitangulie na ajizuie kabla hajaropoka. Tena mara nyingi akili inayumba miaka kadhaa kabla mwili haujaanza kucheza, so hata jeuri ya zamani huenda ilikuwa ni huo huo.

Kumbukumbu nyingi anazo, shida ni kuzitoa. Muulize jana alikuja nani atakodoa macho, muulize alikuja shangazi au mjomba, anakujibu vizuri tu. Kwa hiyo mpe maswali ya kuchagua, halafu subiri kidogo kabla hujarudia, maana jibu linakuja ila linachelewa. Kwenye cherehani hivyo hivyo, kama kushona bado anaweza, kinachomshinda ni mpangilio, basi vipimo na mkasi shika wewe (mkasi hata kwa usalama wake), yeye mpe mshono mmoja, akimaliza ndo umpe mwingine, na redio zima. Kuoga kuwe saa ileile kila siku, usingoje ajisikie.

Hilo la kukataa kwamba anacheza usibishane nalo kabisa, hadanganyi, ubongo wake haumpi hiyo taarifa.

Dawa za kupunguza kuchezacheza zipo, kama tetrabenazini, ila ya kurudisha akili bado hakuna, na tetrabenazini yenyewe inaweza kumletea huzuni nzito. Wagonjwa wa Huntington wanajiua kuliko watu wengine, kwa hiyo akianza maneno ya kutaka kufa usimuache peke yake, muwahishe hospitali siku hiyohiyo. Dawa za huzuni na hasira zipo na zinasaidia, ziulizie.

Junior ana nafasi 50 kwa 100 ya kurithi. Jeni yenyewe iligunduliwa 1993 na kipimo kipo, lakini mtoto asiye na dalili hapimwi. Akifika 18 atakaa na mshauri aamue mwenyewe, na wengi wakifika hapo wanachagua kutojua.