Uso wa ukuta wa udongo ulioimarishwa si pambo

Ndugu yangu, umeuliza kama uso wa ukuta wako wa mita 3, unaotaka kuujenga juu ya mchanga karibu na ufuo hapa Malindi, una kazi yoyote zaidi ya kupendeza macho. Unayo, tena kubwa. Ni kweli kwamba mzigo hubebwa hasa na tabaka za jiogridi, yaani wavu wa plastiki wa kuimarisha udongo, zilizolazwa ndani ya kifusi kinachojazwa nyuma ya uso, lakini bloku za zege ambazo safu yake ya chini imekaa imara kwenye msingi hupokea sehemu ya msukumo na kupunguza kutokeza kwa ukuta, ilhali uso wa kitambaa cha plastiki kilichokunjwa kufunika ukingo wa kila tabaka la kifusi hutokeza zaidi, ingawa huvumilia msingi unaodidimia.

Ninapokusihi uangalie sana ni pale jiogridi inaposhikana na bloku. Kifusi kisiposhindiliwa vizuri hushuka, bloku hubaki pale pale, na jiogridi huvutwa chini nyuma ya bloku hadi ikachakaa hapo hapo. Shindilia kwa tabaka nyembamba, na ndani ya mita 1 kutoka usoni tumia mashine nyepesi, maana nzito husukuma bloku nje.

Uso wa makasha ya waya yaliyojazwa mawe nao hunyumbulika na kupitisha maji, lakini kwa chumvi inayoletwa na kusi nisingekubali makasha ya waya uliopakwa zinki pekee. Kitambaa nacho huliwa na jua kisipofunikwa. Mimi ningejenga kwa bloku, na nyuma yake nikaweka kokoto safi, upana wa sentimita 30, za kupitishia maji ya masika.