Fondan inatoka jasho ku frigo, nifanye namna gani?

SWALI: Yaya, mimi ni mama wa Kadutu, naanza tu kuuzisha magato. Juma ilipita banikomandia gato ya komunyo, nikasema fondan (ile sukari ya kukanda yenye banafunikaka nayo gato) ya kununua ni bei sana, nitaifanya mwenyewe na mashimelo, zile bombo laini kama pamba. Ilinata-nata ku mikono nikaongeza sukari, ikanata tena nikaongeza tena, kuja kufunika gato ikapasuka-pasuka ku makona. Nikaziba na kidole, nikaiweka ku frigo usiku, kura ya umeme ikakatika, asubuhi naikuta inang'aa maji na ile rozi nyekundu imeshusha rangi yote ku nyeupe. Mama ya mtoto aliangalia tu akanyamaza. Nilikosea wapi?

JIBU: Pole dada, afazali angepiga kelele kuliko kunyamaza vile.

Kosa ya kwanza ni haraka. Mashimelo ni sukari na jelatini (ile kitu yenye inagandisha), na jelatini ikiwa moto haina nguvu, kwa hiyo fondan yenye imetoka ku moto sasa hivi LAZIMA inate, hata ya fundi inanata! Wewe uliona inanata ukazani sukari haitoshi, ukaongeza, kumbe ilikuwa inangoja tu kupoa, na yenye ilipoa ikakuta imekunywa sukari kupita kipimo, njo ikakauka na kupasuka.

Mimi nafanya hivi: mashimelo nyeupe tupu garama 250 (za rose zinachafua rangi), vijiko mbili ya maji, ndani ya bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, mbabula na makala kidogo, bakuli isiguse maji. Koroga paka iwe kama uji nzito. Sukari glase (ile laini kama unga) napima garama 500 lakini simwangi yote, naanza na 400 hivi, ile ingine inangoja pembeni, juu Bukavu wakati wa mvua hewa iko na maji na kiangazi haina, kipimo ya karatasi haijue hiyo. Mikono paka mafuta nyeupe ya kuganda (marigarini ya njano itakuachia fondan ya rangi ya meno), kanda dakika kama kumi. Ikibaki inanata kidogo tu, ACHA. Paka mafuta juu, funga na plastiki mara mbili, ilale ku meza paka kesho. Asubuhi kata kipande uvute: ikivutika mbele ya kukatika ni sawa, ikivunjika kama biskuti kanda na mafuta kidogo. Sukuma unene ya milimita tatu ao ine, chini ya hapo inapasuka.

Sasa frigo. Unaona chupa ya Fanta yenye imetoka ku frigo inatoka jasho? Gato yako ilifanya vile vile, na sukari inapenda maji, inayeyuka. Kura ikikatika ni mbaya zaidi. Gato ya fondan inakaa ku chumba ya baridi, ndani ya karto, na katikati uweke krimu ya siagi ao konfitiri, hapana krimu freshi. Ikisha toka jasho usiipanguse hata kidogo, weke vantilateri mbele yake, itakauka yenyewe. Na rangi ya maji achana nayo, tafuta ya jeli, nyekundu ukande siku mbili mbele.

SWALI: Yaya, sisi hatukule nguruwe. Hiyo fondan tutaiweza?

JIBU: Soma nyuma ya pakiti, mpenzi. Jelatini ya mashimelo mara mingi inatoka ku nguruwe, mara ingine ku ngombe, na ikiandikwa tu «jelatini» bila kusema ya nini, muache. Kuko zenye ziko na alama ya halali, ladha ni ile ile. Na kama ni komande, uulize mwenye gato mbele ya kununua, Baadventista pia batakushukuru.