Nikiingiza y napata 7 = 7, x imeenda wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafanya ikwesheni mbili kwa njia ya kuingiza, 2x + y = 7 na 5x − 3y = 12. Kwenye ya kwanza nimepata y = 7 − 2x, nikaiingiza, x zote zikakatana nikabaki na 7 = 7. Nimerudia mara tatu jibu ni lile lile. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba. Kukata kwako kuko sawa kabisa, shida ni pale ulipoiingiza hiyo y. Umeitoa kwenye ikwesheni ya kwanza alafu ukairudisha humo humo, 2x + 7 − 2x = 7, sasa hapo x lazima zife. Ni kama umemhoji shahidi mmoja alafu unamrudia yeye yeye kuhakikisha maneno yake, atakwambia yale yale tu. Ikwesheni ya kwanza peke yake inakubali majibu kibao: x ikiwa 0 y ni 7, x ikiwa 1 y ni 5, x ikiwa 3 y ni 1, unaweza kuendelea hivyo mpaka uchoke. Anayechagua jibu moja kati ya hayo ni ikwesheni ya pili, na wewe hujamuuliza kitu bado.

Kwa hiyo peleka y kwenye ya pili, na tafadhali weka mabano:

5x − 3(7 − 2x) = 12

Hapa ndo wengi wanapoumia, kwahiyo twende polepole. Hiyo −3 inazidisha vyote viwili vilivyo ndani ya mabano: −3 mara 7 ni −21, na −3 mara −2x ni +6x, hasi kwa hasi inatoa chanya. Unapata 5x − 21 + 6x = 12, yaani 11x = 33, x = 3. Rudi kwenye y = 7 − 2x, y = 1. Basi.

Sasa tuseme ungesahau ile alama ukaandika −6x. Ungepata −x = 33, x = −33, y = 73. Ukihakiki kwenye ikwesheni ya kwanza, 2 mara −33 ni −66, jumlisha 73 unapata 7, inakubali! Mwanafunzi anaweka vema anafunga daftari, na jibu ni bovu. Nimesahihisha madaftari mengi yenye kosa hili na huwa linaniuma, mana mtoto amehakiki kweli, ila amehakiki kwa shahidi yule yule. y umeitoa kwenye ya kwanza, kwahiyo x yoyote utakayoweka ya kwanza itakubali tu. Hakiki kwenye ya pili: 5 mara −33 ni −165, toa 219, unapata −384 wakati ilitakiwa 12. Kosa limeonekana hapo hapo. Kwa 3 na 1 ni 15 − 3 = 12, safi.

Kuna wakati utaingiza kwenye ya pili vizuri kabisa na x bado zitakatana, usifute ukadhani umekosea. Chukua 2x + y = 7 na 4x + 2y = 14. Ukiingiza unapata 14 = 14, kwa sababu ya pili ni ile ya kwanza imezidishwa mara 2, mstari ni mmoja kwenye grafu na majibu hayana mwisho. Ingekuwa 4x + 2y = 15 ungepata 14 = 15, uongo mtupu, hiyo ni mistari sambamba haikutani popote, unaandika haina jibu.

Na kuanza na y ulichagua vizuri, haina namba mbele yake. Ungeanza na x ungepata (7 − y)/2 na kubeba sehemu njia nzima, jibu lingekuwa lile lile 3 na 1.