Mpira umeingia, aliyeupiga yuko nje

Mhariri salaam. Swali lenu la wiki hii mmeuliza kama wachezaji wa besiboli wa ile enzi ya pufya, dawa za kuongeza nguvu, wanyimwe nafasi kwenye Ukumbi wa Umaarufu, jumba la kuwaenzi magwiji wa mchezo huo kule Cooperstown, New York. Mimi mtu wa Mombasa, besiboli nimeijulia ukubwani tena jikoni, manake mwaka 2007 nilikua naosha vyombo kwenye mkahawa mmoja San Francisco, na usiku wa tarehe 7 Agosti Barry Bonds alipopiga homurani ya 756 akampita Hank Aaron aliyekua anashikilia rekodi, mpishi wetu alitoka mbio na mwiko mkononi kwenda kuangalia tivi, wali ukaungua, na bosi hakusema kitu. Nikauliza kwani huyu kafanya nini? Nikaambiwa kaupiga mpira ukaangukia kwa watazamaji. Basi? Ndio basi, lakini mara 756.

Mpira wenyewe ulikuja kununuliwa na Marc Ecko, mfanyabiashara wa nguo, dola 752,467, akawauliza watu mtandaoni aufanye nini, wengi wakachagua upigwe chapa ya kinyota, yaani rekodi hii ina walakini, kisha akawapa Cooperstown na wakaupokea. Mpira ukapata kwao, aliyeupiga hodi yake haijibiwi. Bonds alimaliza na homurani 762, mchezaji bora wa ligi mara 7, na kura yake ya mwisho kwa waandishi wa michezo, ambao ndio hupiga kura nani aingie ukumbini, mwaka 2022 alipata asilimia 66 na inatakiwa 75. Roger Clemens naye, mrushaji mwenye ushindi 354, akakwama hapo hapo karibu.

Mimi sisemi Bonds hakutumia. Sina macho ya kitoto, mwili ule nimeuona. Ninachouliza ni sheria ilikua wapi. Mwaka 1991 kamishna, yaani mkuu wa ligi, Fay Vincent alitoa waraka kwamba steroidi, dawa za kujenga misuli, ni marufuku, sawa, lakini hakuna aliyepimwa, ni kama kule kwetu ukutani wameandika usikojoe hapa na harufu unaisikia kutoka stejini. Upimaji ulikuja 2003, tena wa siri bila majina, adhabu mpaka 2004. Na katikati hapo pesa ziliingia bwana! Mgomo wa 1994 ulifuta fainali za mwaka ule, mashabiki wakasusa, halafu 1998 Mark McGwire akapiga homurani 70 na Sammy Sosa 66, viwanja vikafurika. Kuna mwandishi aliona chupa ya androstenedione, dawa ya kuongeza homoni, kwenye kabati la McGwire akaiandika, wakati huo besiboli ilikua haijaikataza, na lawama nyingi zikamrudia huyo mwandishi eti anaharibu sherehe. Sasa miaka ikapita, waandishi wale wale waliokua wanaimba sifa ndio wengi wao wakashika karatasi za kura, wakaota dhamiri.

Na kamishna wa miaka hiyo yote, Bud Selig? Yumo. Aliingizwa 2017. Hapo ndipo mimi huchemka, mwenye duka yuko ndani na bamba lake la shaba na wauzaji wako nje wanaitwa wezi. Gaylord Perry pia yumo tangu 1991 na alikiri mwenyewe kwamba alikua anapaka mpira mate na mafuta. David Ortiz kapita mara ya kwanza tu 2022 kwa asilimia 77.9, na jina lake magazeti yaliliripoti 2009 kwamba lilikua kwenye orodha ya walionaswa na ule upimaji wa siri wa 2003. Ortiz alikana, na kamishna Rob Manfred akasema majibu yale yalikua na utata, haya, mimi nakubali, lakini mbona utata umsaidie mmoja tu? Kama ni tabasamu la Ortiz semeni ni tabasamu, manake Bonds kwa waandishi alikua mkali kama pilipili mbuzi.

Kwa hiyo mstari wangu mimi ni adhabu. Aliyenaswa baada ya sheria kuwa na meno akafungiwa, abaki nje: Manny Ramirez alifungiwa 2009 akanaswa tena 2011, Alex Rodriguez akakosa msimu mzima wa 2014, hao walijua na walichagua. Sisi Wakenya hili tunalijua kwa uchungu, mkimbiaji wetu wa marathoni Rita Jeptoo alipopatikana na EPO, dawa ya kuongeza chembe za damu, 2014 alipokonywa ushindi wa Boston na Chicago wa mwaka huo, iliuma lakini kulikua na sampuli na kulikua na kesi, hakuna aliyepiga kura kuamua kama anafanana na mtu anayetumia. Bonds hakuwahi kufungiwa na ligi hata mechi moja kwa dawa.

Mwingizeni basi, ila bamba lisidanganye. Liandikwe homurani 762, liandikwe alihusishwa na steroidi, liandikwe ligi haikupima mtu mpaka 2003 na wote walikula hela. Na liangikwe ukumbi mmoja na la Selig, yatazamane.